Saba Haikutosha Chumba cha Mama

Mocímboa da Praia,
Ijumaa, 21 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Abdurrazaque,

Assalaam aleikum. Natumai mko wazima huko Mtwara, wewe, mkeo na watoto. Kile kikohozi chako kimepoa? Sisi hatujambo. Mama goti humsumbua asubuhi, likipata joto anatembea na kugombana na watu kama kawaida yake.

Barua iliyopita nilikuomba umwandikie dada yetu Wahida aache masomo ya jioni. Nilisema mjane mwenye watoto wawili hana analotafuta darasa la kumi. Kama hujamwandikia, usimwandikie.

Chumba cha Mama nilianza kukijenga mwenyewe. Unakumbuka marehemu Baba alivyopima: ukuta mita tatu, ukuta mita nne, kamba ya kona kwa kona mita tano kamili. Sita kwa nane, kumi kamili. Mimi nikajua kila chumba kina namba yake kamili. Safari hii kiwanja kimebana, kikatoa tano kwa tano. Nikavuta fita ya kupimia kona kwa kona, ikaonyesha karibu na saba. Nikasema saba, basi, nikafunga kamba kwenye saba kamili.

Wahida ndiye aliyeshika ncha ya fita. Akaniambia tano mara tano ni ishirini na tano, mbili zake hamsini, na kipeuo cha pili cha hamsini si saba. Saba ni cha arobaini na tisa. Nikamwambia hesabu za daftari azirudishe shuleni.

Nilipofika kozi ya tatu ya matofali nikapima zile kona nyingine mbili. Mita saba na sentimita kumi na nne! Chumba kimelala upande, saruji imeshakauka, na Mama ameshachagua pa kuweka kitanda. Nikabomoa. Siku tisa zimepotea bure, na aibu niliyoiona Mungu ndiye ajuaye.

Nikamwita Wahida, nikamuuliza namba yenyewe ni ipi. Akaandika saba nukta sifuri saba, halafu moja, halafu sifuri, akaendelea mpaka ukingo wa karatasi. Nikamwambia basi ni kama theluthi, nayo haiishi. Akakataa. Theluthi inarudia tatu ileile, na unaiandika moja juu ya tatu. Hiyo shuleni wanaiita racional. Hii haina mpango wa kujirudia, wala hakuna namba mbili nzima za kuiandika moja juu ya nyingine, ni irracional. Nikachoka. Nikamuuliza, sasa kitu kisicho na mwisho nitakijengaje?

"Kaka, huwezi kukijenga chote," akasema. "Kwenye daftari naacha kipeuo cha hamsini kama kilivyo. Kwenye ukuta, mita saba na sentimita saba zinatosha."

Tukafunga kamba hapo, kona kwa kona zote mbili zikalingana. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Jana nilimwita mbele ya Mama, nikakohoa kidogo, nikasema nimemruhusu kufanya mtihani wa Jumatatu. Akacheka mpaka akaketi. Kumbe jina lake liko kwenye orodha tangu mwezi wa sita, na Mama anajua. Ruhusa yangu hakuihitaji. Alichokosa ni mtu wa kubaki na watoto.

Kwa hiyo Jumatatu sifungui genge langu la biashara. Nitakuwa nyumbani nawapikia uji.

Dalila, mke wangu, anakusalimu sana, na Mama anasema ulete dawa ya goti ukija. Msalimie mkeo na wanangu wote. Mwenyezi Mungu awatie nguvu na kuwaepusha na shari, na dua zako za wiki hii zote mpe Wahida.

Kaka yako akupendaye,
Amisse