Akoth, Nimefungua Mtungi Wako

Akoth, mke mwenzangu,

Leo nyamaza. Ulipokuwa hai ulinijibu kabla sijamaliza kusema, na Mzee wetu alibeba kigoda chake akaenda kukaa kwa jirani. Sasa ni zamu yangu. Naandika kwa herufi zile tulizofundishwa kanisani kabla ya ubatizo, na kwa Kiswahili chetu cha soko la Busia. Si ndicho tulichotumia kugombana miaka yote? Mimi Msamia sikukubali kutukanwa kwa Kipadhola chako, na wewe hukukubali kutukanwa kwa Kisamia.

Habari ya kwanza: mto umekuja tena. Tulia. Hakuna aliyekufa.

Siku yako unaikumbuka. Bendera mpya ya uhuru ilikuwa haijapauka bado, mvua ikaanza, ikakataa kwenda. Maji yakaingia bondeni kwetu Molo mchana kweupe. Nikaja na kapu nikusaidie kutoa mtama kwenye ghala lako. Ukanifokea, "Toa mkono, Nabwire! Ghala hili lina mwenyewe!" Sawa. Desturi naijua: mwanamke hachungulii ghala la mwenzake, mkono wa mwingine unafukuza chakula. Ukasukuma kifuniko cha nyasi kwa mti, ukaingia ndani peke yako, kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Maji yakala udongo chini ya mawe yaliyobeba ghala. Likapinduka nawe.

Kwa mtama, Akoth! Kwa mtama ambao ningekubebea!

Bado nina hasira nawe. Kufa kwako hakujaipoza.

Tulipokutoa kwenye tope, ncha ya nguo yako ilikuwa na fundo. Ndani mna mbegu, ile nyekundu uliyoitoa kwa mama yako kule Nabuyoga. Wazee wakasema uzikwe nalo, fundo la marehemu halifunguliwi. Nikalifungua kwa meno, nikakichana pia kile kipande cha nguo, nikakiweka. Wakanitazama kama mchawi. Na watazame! Nyumba yetu haikubakiwa na mbegu nyingine.

Ikaja njaa. Mzee akaenda ofisini gombolola, akaambiwa angoje, unga wa serikali uko njiani. Tukangoja mpaka watoto wakaacha kulia. Mtoto mwenye njaa akilia, bado ana nguvu. Akinyamaza, wewe mama inuka. Nikainuka. Nikaenda kwa wanawake tunaolimiana mashamba kwa zamu, nikawaambia: tunalima pamoja, tunalia matangani pamoja, kwa nini kuweka akiba kila mtu peke yake huko chini, kama vyura? Tujenge ghala moja juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya kanisa.

Wakacheka. "Nabwire anataka kuchungulia mtama wetu!" Mmoja akaapa kwamba heri maji yaione mbegu yake kuliko mimi. Vichwa kama chako, vitupu. Nikawaambia basi, kila mtu atie mbegu yake mtungini nyumbani kwake, azibe mdomo kwa samadi na majivu, afunge shingoni utepe wa nguo yake, kisha aupandishe kwenye jiwe. Mtungi wako ni wako, jiwe ndilo letu. Hapo wakakubali. Mmoja akaanza kutazama pindo la gauni lake.

Wanaume nao wakaja na maneno, mmoja akauliza, "Ghala la wake za watu wengi hivi, mume wake nani?" Nikamjibu, "Njaa. Nenda ukazungumze naye." Hao hao ndio walioleta nyasi za kuezekea walipoona mawingu.

Kisha tukachomeka mti kivukoni. Maji yakiupita, anayeona apige nduru, na anayesikia aipokee kabla hajagusa hata kijiko. Nduru kwanza, mzigo baadaye. Tulijizoeza mpaka mbwa wakaacha kubweka.

Msimu huu maji yakaupita. Nduru ikapanda kutoka boma hadi boma, watu wakapanda nayo. Mara nikamwona Adikini, mke wa kitinda mimba wako, anarudi chini mbio! Mtoto mgongoni, yule tuliyempa jina lako. Anakwenda kwenye ghala lake, pale pale lilipokuwa lako, na mti wa kusukumia kifuniko ameshaushika.

Nikamfuata na magoti yangu haya mabovu. "Adikini! Humo unafuata nini?"

"Mama, mtama wangu!"

"Mtama wako uko kwenye jiwe, si uliupandisha mwenyewe? Humo mna panya! Unakwenda kufa na panya?"

Akasimama. Maji magotini. Akatupa ule mti. Nikamkamata gauni nikampandisha kama mbuzi wa mnada, yeye analia, mimi namtukana, mtoto anacheka. Nyuma yetu ghala likaanguka, tupu.

Unasikia, Akoth? Tupu.

Sasa ya mtungi wako. Maana unao, wenye utepe wa ile nguo ya fundo. Kila mavuno niliujaza kwa mbegu yako, na hakuna aliyethubutu kuugusa, kwa kuwa mwenyewe hayupo. Maji yaliposhuka, dada zangu wa ng'ambo ya mto wakaja mikono mitupu. Wao hawakuwa na jiwe. Wanawake wetu wakatazamana, kila mmoja amekumbatia mtungi wake kama mtoto mgonjwa. Nikachukua wako. Nikapiga samadi kwa ngumi, mbele ya wote, nikaingiza mkono mpaka kiwiko.

Chakula kilikimbia? Hakikukimbia. Kilitoka kwa miguu ya wanawake, vichwani, kikavuka mto. Mwingine akafungua wake, na mwingine. Sasa huko ng'ambo wanatafuta jiwe lao.

Basi, mke mwenzangu, lala. Mimi usinitandikie mkeka huko bado, nina kazi. Mavuno yakija nitaujaza mtungi wako, nitauziba, nitaufunga utepe wako. Na mto ukirudi nitaufungua tena, bila kukuomba ruhusa. Ukitaka kunizuia, inuka uje tugombane.

Ni mimi, mwenye ule mkono ulioukataa,
Nabwire