Siku Nilipopewa Chuma Kitupu

Achieng mjukuu wangu,

Habari za huko Mombasa? Sisi hapa Lindi tuko sawa, na dadako amejifungua msichana. Umeniuliza kama ni aibu kurudi jim baada ya kupasuliwa nyonga na kupewa chuma kisicho na uzito.

Mimi pia nilipasuliwa nyonga ujanani. Daktari aliponiruhusu, nilirudi jim yetu ya Kawangware, ambako uzito ulikuwa mikebe iliyojazwa simiti. Kocha akaiondoa yote.

"Leo chuma kitupu, buda."

Wenzangu wakacheka. Nilikiweka mabegani, nikachuchumaa, nikainuka bila kushikwa mkono. Tangu hospitali, mama ndiye aliyekuwa akiniinua kitini. Machozi yakanitoka, na kocha akajifanya anafunga kamba za viatu.

Kiinue tu, mama.

Babu yako