Fundi Anayetafutwa na Baba

Mama na Dada,

Nimetoka kutafuta springi ya ile injini ndogo ya mvuke. Msikunjue kitambaa kilicho mezani, vipande vyote vimo humo. Chai ya Baba iko kwenye chupa. Dada, usimwongezee sukari, naijua huruma yako.

Kelele mlizosikia asubuhi zilikuwa zangu. Kabla sijaifungua, Baba aliishika injini, akaigeuzageuza pale dirishani, akasema, "Kijana, hii si ya kale. Imeigwa. Lakini hebu ona tupa ilivyolisugua gurudumu hili likalainika! Aliyeiga ni fundi kwelikweli. Nipeleke kwake nikamwamkie."

Nikamwambia, "Baba, ni wewe. Uliniundia mimi nilipokuwa mtoto."

Akacheka kwa adabu, kama anayemchekea mgeni. "Usinitanie, bwana. Mimi naweza wapi?"

Mori ukanipanda, nikamfokea baba yangu mzazi. Mimi ninayejitapa kwa mashairi, nimekosa neno moja la kumrudisha. Halafu yeye ndiye aliyeniomba radhi. Hapo nikachukua viatu mkononi nikatoka chumbani, nikaandika haya.

Springi nikiipata, injini itazunguka. Baba sijui nimtafutie nini.

Akimuulizia tena huyo fundi, ~~mwambieni ni yeye~~ msibishane naye. Muulizeni ni kipi kilichompendeza katika kazi ile, kisha mkae mmsikilize mpaka amalize. Mimi nilimkatiza.

Mwanao, Mama.
Kaka mtu, Dada.