Maua Yaliyoshtakiwa kwa Kula Hewa

Mpendwa Shangazi,

Epifiti ni mmea unaoota juu ya mmea mwingine bila kuchukua chochote kilicho cha mwenyeji wake. Hushika gome kwa mizizi, lakini mizizi hiyo haipenyi ndani. Maji huyapata kwenye mvua na umande, chakula hukitengeneza kwa mwanga, na virutubisho huvipata kwenye majani makavu yanayonasa na kuozea katikati ya mizizi yake. Kimelea ni kinyume chake: hupenya na kunyonya. Okidi ulizozitunza barazani kwako zilikuwa epifiti. Nimetanguliza tofauti hii kwa sababu uliuawa na watu wasioijua, na kwa sababu sasa kuna mtu ameniomba nimkatie kipande cha okidi yako. Sijui kama nikimpa nitakuwa nimemsaidia au nimemuua.

Hukuzinunua okidi zile. Uliziokota kwenye maangamizi. Wakata kuni wa mabani ya kukaushia tumbaku walipoingia msituni, wewe ulifuata nyuma yao na kapu lako. Mti mkubwa wa mtundu ukianguka, okidi iliyokaa miaka mingi kwenye panda yake huumia kuliko mti wenyewe: mashina yake, manene kama miwa midogo, hupondwa, na mizizi huchunwa pamoja na gome. Ulipiga magoti kwenye vumbi la msumeno ukachagua vilivyo hai. Nyumbani ulipitisha kisu motoni, ukakata kila kilichooza hadi kwenye nyama nyeupe, ukapaka unga wa mkaa kwenye jeraha, kisha ukafunga kila mche kwa kamba ya katani kwenye kipande cha mninga chenye gome. Ulivining'iniza vyote kwenye boriti za baraza inayotazama njia ya zamani ya misafara, mwendo mfupi kutoka Kwihara. Njia hiyo ilizoea watu kuburutwa kwa minyororo muda mrefu kabla hatujazaliwa. Wewe uliotesha maua kando yake.

Nilijifunza kwako utunzaji ambao baadaye niliufundisha darasani kwa maneno mengine. Maji ya mvua tu, asubuhi tu. Kiangazi kikianza, usinyweshe kabisa.

"Ziache zione njaa," ulisema. "Zikishiba sana zinaota majani tu, hazizai."

Jirani yako Lugendo hakuzipenda. Kilichomsumbua ni mizizi: okidi ile hutoa mizizi myembamba, migumu, inayoelekea juu kama sindano, ili inase majani yanayodondoka. Alizoea mizizi inayoshuka. Siku moja alisimama chini ya baraza, mikono nyuma, akaitazama kwa muda.

"Dada, hivi vitu vyako havina udongo. Vinakula nini?"

"Vinakula hewa, Baba Kabula."

"Hewa haishibishi."

"Mbona wewe unakula maneno matupu na tumbo limekutangulia?"

Alicheka mpaka akakohoa. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hana mpaka wa kusema. Aliwahi kukuita fisi mbele ya katekista, nawe ukamjibu kwamba fisi hachagui mizoga, ndiyo maana unakaa naye ujirani. Hakuna aliyekasirika. Katika mapatano hayo ya kale, tusi ni salamu, na anayelichukulia kwa uzito ndiye anayeaibika.

Kisha mjukuu wake, mtoto wa kwanza wa binti yake Kabula, akafa katika baridi ya kiangazi. Alikufa kwa kifua. Kabula alimbeba mgongoni akitafuta usafiri wa kwenda mjini, na mtoto akavuta pumzi kwa mbavu zote, mbavu zikiingia ndani, mpaka zikaacha kuingia.

Ulikwenda msibani kama mtani anavyopaswa kwenda. Ulivaa gunia, ukajipaka majivu, ukakaa mbele ya Lugendo aliyekuwa akilia kwa sauti kubwa.

"Baba Kabula, punguza!" ulimwambia. "Hewa yote unaimaliza wewe. Mimi na maua yangu utatuachia nini?"

Waombolezaji walicheka. Lugendo mwenyewe alicheka, machozi yakiwa bado shavuni, akakurushia kandambili. Hiyo ndiyo kazi ya mtani: kumtoa mfiwa kaburini kabla hajaingia humo kwa miguu yake. Uliifanya kwa ustadi, na watu walikuona ukiifanya.

Wiki ile ile okidi zilichanua. Ulikuwa wakati wake, kila mwaka huchanua kabla ya mvua, maua ya manjano yenye madoa ya hudhurungi kama ngozi ya chui, mengi kiasi kwamba boriti zilionekana kuwaka. Mtu mmoja aliyepita njiani alisema, "Zimeshiba." Neno hilo lilitembea. Lugendo akaenda kwa mpiga ramli, akarudi na jibu ambalo lingemfaa mtu yeyote anayetafuta wa kumchukia: kinachokula watoto kinaning'inia katika nyumba ya mwanamke asiye na mtoto.

Lugendo na vijana walikuja Jumapili, jua likiwa utosini. Ulikuwa umerudi kanisani, hujavua kitenge cha kwaya. Mimi nilikuwa jikoni nikichemsha michembe ya viazi vitamu. Nilisikia kwanza panga likigonga boriti, kisha sauti ya Lugendo.

"Alisema mwenyewe! Alisema vinakula hewa! Mjukuu wangu alikufa akitafuta hewa!"

"Baba Kabula," ulisema, "ule ulikuwa utani. Wewe ni mtani wangu."

"Ulirudia msibani! Mbele ya maiti!"

Nilipotoka, vijana walikuwa wanakata okidi. Walizikata kama wanavyokata nyoka, hata baada ya kuanguka, hata baada ya kuwa vipande. Uliinama kuokota mche mmoja. Nadhani hukufikiri, mkono wako ulizoea kufuata kilichoanguka. Panga la kwanza lilikupata kwenye mkono huo, juu kidogo ya kifundo. La pili lilikupata begani. Nilimrukia aliyelishika, na rungu likanivunja mfupa wa mtulinga, chini ya shingo. Nilianguka kifudifudi, na kutoka pale chini niliona miguu tu: viatu vya kanisani, kandambili, miguu mitupu, na goti lako likigusa ardhi, kisha la pili. Lugendo hakuwa na panga. Alikuwa na mchi wa kutwangia. Aliuinua kwa mikono miwili, akauteremsha, akauinua tena. Hapakuwa na kelele nyingi. Watu hufikiri mauaji yana kelele. Nilichosikia ni kama mtu anayetwanga mahindi mabichi, na pumzi ya mzee aliyechoka.

Kabula alisimama njiani amekumbatia kanga ya mtoto wake. Hakupiga kelele, hakukimbia, hakusogea. Nilimchukia kwa utulivu huo kuliko nilivyowachukia walioshika mapanga, na sitadai kwamba chuki hiyo ilikuwa na mantiki.

Ulifia pale pale. Kabla hujabebwa nilikusanya vipande vya okidi kwa mkono mmoja uliokuwa mzima, nikavitia kwenye ndoo. Nilizuiwa na ndugu zetu, wakasema nimechanganyikiwa. Sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa nafanya kitu pekee ambacho nilijua hatua zake. Vilikuwa na damu. Niliviosha kwa maji ya mtungi wako. Nilipitisha kisu motoni. Kimoja tu kilikuwa na jicho hai la kuchipukia, na jicho hilo liko leo nyumbani kwangu Ipuli, limekuwa kichaka kinachohitaji watu wawili kukiinua.

Mahakamani Lugendo alieleza kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi dhidi ya mwingine: mwanamke alikiri mara mbili, na mashahidi walicheka. Nilipomsikiliza niliona kwamba hakuwa mwongo. Alichukua maneno mawili ya kweli, kifo cha kweli na maua ya kweli, akavifunga pamoja kwa kamba ambayo haikuwapo. Alipofungwa niliota mara nyingi nimeushika mchi ule, na katika ndoto hizo sikuwahi kuchoka. Niliamka nikiwa nimeridhika. Nakuambia hili kwa sababu ulinilea kusema kitu kama kilivyo.

Wiki iliyopita Kabula alikuja. Nilikuwa uani nagawa kichaka, kisu mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Nilijibu kwa sababu mdomo hujibu wenyewe.

"Baba anatoka gerezani."

Nilikata mzizi mmoja uliooza. Nikaupaka mkaa.

"Nataka kimoja," alisema, akionyesha vipande vya okidi kwa kidevu.

"Cha nini?"

"Nikitundike barazani kwetu. Baba akiamka akione, akilala akione. Nina binti mwingine sasa, ana miaka minne. Atacheza hapo hapo chini yake. Akikua bila kudhurika, baba atajua alichokifanya."

"Na mtoto akikohoa?"

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Basi na mimi nitajua baba yangu ni mtu gani."

"Utajua ukiwa umelala chini, Kabula."

"Shangazi yako alikuja msibani kwangu amevaa gunia," alisema. "Alinichekesha. Siku ile nilikuwa sijala, sijalala, na alinichekesha. Halafu nikasimama njiani nikatazama. Nipe kimoja, Mwalimu. Usiponipa, kijiji kitasema hata wewe unakiogopa."

Sikumpa. Sikumkatalia pia. Nilimwambia mche uliogawanywa haufai kusafirishwa mpaka majeraha yakauke, jambo ambalo ni kweli, akaondoka akisema atarudi.

Tangu hapo nimelipima ombi lake kama ninavyopima jaribio la mwanafunzi, na naona lina kasoro. Mtoto akiishi, haithibitishi chochote kwa mtu anayeamini. Atasema kilichoning'inia hakikuwa na njaa mwaka huu. Mtoto akiugua, hata kwa homa ya siku moja, kila kitu kitakuwa kimethibitishwa. Jaribio linaloweza kumtia hatiani mtu lakini haliwezi kamwe kumwondolea hatia si jaribio. Ni mtego. Lakini kumnyima nako kuna jibu lake: okidi yako itabaki nyuma ya ukuta wangu wa Ipuli, imefichwa kama kitu cha hatia, na hukumu ya mchi itakuwa ndiyo neno la mwisho juu yako katika kijiji ulichozaliwa. Kabula ameliona hili. Amelipima kwa mwili wake mwenyewe na wa binti yake, wakati mimi nalipima kwa hoja, na mtulinga wangu ulishapona.

Majeraha ya mche yamekauka leo asubuhi. Nimeufunga kwenye kipande cha mninga, na mizizi mipya imeanza kuelekea juu. Pumzika, Shangazi, mahali ambapo hakuna anayehitaji kueleza maua yake yanakula nini. Mimi nimebaki na swali ambalo elimu yangu haijanisaidia kulijibu: mtu akichagua kwa hiari yake kusimama mahali ulipouawa, ili aoneshe kwamba uliuawa bure, nina haki gani ya kumzuia, na nina haki gani ya kumkabidhi?

Mimi,
mtoto wa kaka yako