Baba kaitwa maksai

Mboni, nimetoka wodini sasa hivi.

Daktari katuambia saratani ya tezi dume ya baba imeshafika mgongoni. Ndiyo maana mkojo ulifunga, ndiyo maana halali kwa maumivu. Akashauri atolewe korodani, maana homoni zake ndizo zinazoilisha hiyo saratani.

Unajua baba mdogo Constantine kasema nini? MBELE YA WODI NZIMA?

"Mnataka kaka yangu awe maksai?"

Maksai! Na akacheka! Mpira wa mkojo unaning'inia pale kitandani, una damu, na yeye anacheka huku anakula wali niliompelekea mgonjwa. Mafuta yanamchuruzika kidevuni. Mboni, ule mdomo sitausahau.

Wagonjwa wengine wakageukia ukutani.

Si unajua baba ndiye alikuwa anahasi ng'ombe wa plau kule Migato, enzi za kijiji cha ujamaa? Alimtazama mdogo wake mpaka kicheko kikaisha. Halafu akamwambia daktari yuko tayari, akamgeukia tena mdogo wake:

"Constantine, shamba la kijiji lililimwa na maksai. Madume kama wewe walikuwa wanakula tu."