Kufuli la Tela Halikuvunjwa

Mwanangu,

Mimi mzima, ila goti tu. Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula.

Tela letu la kulala porini limeibiwa. Nililichomelea mwenyewe, na ndoano yake haijawahi kuachia gari hata kwenye makorongo. Unajua nilivyolilinda: mnyororo kwenye gurudumu, na pale kwenye ndoano kufuli la chuma nililolitengeneza kwa mkono wangu, asije mtu akalivuta. Mafundi wa mtaani walilijaribu kwa nyundo na msumeno wakachoka. Nikawacheka.

Mwizi hakulivunja kufuli. Nimelikuta juu ya tofali, limefunguliwa vizuri, na mnyororo umekunjwa kama nilivyokufundisha.

Funguo zake ni mbili tu duniani. Wangu ninao shingoni.

Polisi akaniuliza, "Mzee, wa pili anao nani?" Nikamwambia hakuna wa pili, nilisahau kufunga.

Akacheka. "Uzee huo, babu."

Sasa mtaa mzima unanicheka. Mimi, nisahau kufunga!

Mama yako hajui kitu. Huo ufunguo utupe, hapa hakuna tena cha kufungua.

Ni mimi baba yako, ambaye hakusahau.