Mama Mkwe Ameshika Redio

Jumapili, Septemba 1976. Ibadakuli.

Jua limewaka tangu asubuhi na upepo wa vumbi haujatulia, lakini leo nina furaha mpaka nashindwa kukaa.

Niandike kwa utaratibu. Miezi mitatu nimekuwa nikijaribu kunasa maandishi kwa redio. Festo, rafiki yangu wa Mwanza, ana redio ya ridhaa kama mimi, ya kurushia na kupokea mawimbi, na mashine ya kuchapa iliyoungwa nayo, kama yangu. Akibonyeza herufi kule, redio yangu hulia kwa sauti mbili, nene na nyembamba, na mashine inatakiwa ichape herufi ileile hapa. Inatakiwa. Mpaka jana ilikuwa imechapa takataka tupu, kwa sababu redio yangu ikipata joto huhama stesheni kidogo kidogo, na mkono wangu hauna subira.

Leo saa kumi ilikuwa nafasi ya mwisho. Kesho Festo anafungasha. Amehamishwa kikazi, na anakokwenda hakuna umeme.

Sasa jana jioni mama mkwe akafika kutoka Runzewe bila taarifa. Nyumba yetu ina vyumba viwili. Akapewa chumba cha redio.

Mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Kwetu hilo halina mjadala. Miaka tisa ya ndoa sijawahi kusema naye ana kwa ana. Salamu naitoa kwa mbali, nimeangalia pembeni. Mashine kuihamisha ni kazi ya wanaume wanne. Na kumtoa mgeni kitandani, miguu imemvimba kwa safari? Afadhali nimkose Festo. Nakiri hapa kwamba nilinuna tangu kanisani.

Basi saa kumi nikasimama nje, chini ya dirisha, mgongo ukutani. Mke wangu, Mama Kulwa, ndiye aliyekaa kwenye redio. Nikamwelekeza: kwenye kisanduku nilichokiunda kuna taa mbili ndogo, azungushe gurudumu la kutafutia stesheni taratibu, mpaka taa ziwake kwa kupokezana. Akazungusha kama anafungua bomba. Mashine ikaanza kutapika herufi zisizo na maana.

Mara nikasikia kitanda kikilia.

"Hebu toka hapo, unaikaba," mama mkwe akamwambia binti yake.

Mwanamke aliyekamua ng'ombe maisha yake yote ana vidole vyenye adabu. Alipolishika gurudumu, sauti zikatulia. Halafu maziwa yakafurika jikoni, Mama Kulwa akakimbia, tukabaki wawili, ukuta katikati, bila wa kutusemea.

Kisha nikamsikia anaongea na mashine.

"Wewe chuma, mwambie Baba Kulwa zinapokezana vizuri."

Nikamtazama kuku aliyekuwa akiparura karibu na mguu wangu. "Wewe kuku," nikasema, "mwambie mayu, mama yetu, asiliachie gurudumu. Taa moja ikianza kufifia, alirudishe pole pole."

"Chuma, mwambie nimesikia."

Tukaendelea hivyo robo saa nzima, yeye na chuma, mimi na kuku. Nilicheka mpaka machozi, na ndani nikamsikia naye anacheka. Miaka tisa, sikujua kicheko chake kikoje.

Mama Kulwa aliporudi akasimama dirishani na karatasi, akasoma kwa sauti: HAPA FESTO MWANZA. KAMA UNASOMA HAYA BASI TUMEWEZA. NAFUNGA MASHINE SASA. KWA HERI NDUGU YANGU.

Hakuna herufi hata moja iliyokosewa.

Nililia kidogo. Nani asingelia?

Jioni nikamtuma Mama Kulwa aniletee ile karatasi niibandike ukutani. Akarudi mikono mitupu. Mama yake ameikunja na kuifunga kwenye pindo la khanga. Anasema barua aliipokea yeye, na inakwenda Runzewe ikaonekane. Kusoma hajui, lakini maneno yote ameshayakariri, mpaka ile kwa heri.

Karatasi ya kwanza ya miezi mitatu! Natamani niidai. Lakini nimtume nani? Mama Kulwa amehamia upande wa mama yake, na yule kuku ndiye kitoweo cha mgeni usiku huu.